Usiguse Mafuta

Kufungua taminali ya betri ni kazi ya spana namba 10 na dakika moja. Pale Katoro wengi huifanya: taa ya injini imewaka, toa hasi, subiri kidogo, rudisha, taa imezimika, lete hela. Kesho yake inawaka tena, maana sensa iliyolalamika haijaguswa. Hiyo siisifu. Ninayemsifu ni fundi umeme anayejua gari limesahau nini.

Chukua mchomoko, yaani gari dogo la abiria, Toyota Probox ya injini ya 1NZ yenye throto ya umeme, inayokwenda na kurudi kati ya Katoro na Geita mjini. Ikiwa kwenye sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, injini hupumua kwa upenyo mwembamba sana. Vumbi la njia za migodini likichanganyika na mvuke wa oili, upenyo huo hujaa masizi. Kontroo boksi hailalamiki. Huifungua throto zaidi kidogo, na kipimo kipya hukiweka kwenye kumbukumbu inayolindwa na umeme wa betri.

Betri ikitolewa, kumbukumbu inafutika, masizi yanabaki. Throto inarudia kipimo cha kiwandani, ambacho sasa hakitoshi. Gari linawaka, linatetemeka, linazima. Dereva anaapa kontroo boksi imeungua, na hakosekani wa kumuuzia nyingine. Kinyume chake kipo pia: safisha throto uache kumbukumbu ya zamani, injini itanguruma juu, kwa kuwa bado inafidia uchafu ambao haupo. Fundi wetu husafisha kwanza, ndipo afute.

Kabla ya spana huuliza habari za redio. Magari mengi yaliyotoka Japani yakikatiwa umeme hudai namba ya siri au kadi ya ramani, kwa maandishi ya Kijapani, na hapo muziki umekwisha. Kama shida ni kutu ya taminali tu, huunganisha betri ndogo pembeni ili gari lisijue kilichotokea. Ikilazimu kukata, hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho: bodi nzima ni hasi, na spana iliyoshika chanya ikiigusa, cheche zinaruka.

Kisha kinafuata kipande ninachokipenda. Taa zimezimwa, redio kimya, kiyoyozi kimezimwa. Gari linawashwa na kuachwa. “Fundi, nikanyage kidogo?” “Usiguse mafuta, kaka.” Abiria wanachungulia saa, yeye anasikiliza. Sailensi inapanda, inashuka, inatafuta pa kukaa. Injini ikishika joto na feni ikazunguka, anawasha kiyoyozi ili kontroo boksi ijifunze na mzigo huo, halafu taa kubwa, halafu anaweka gia huku mguu ukiwa kwenye breki. Wateja hunung'unika kumlipa mtu aliyesimama tu. Mimi naona hapo ndipo pa kulipia, maana mguu wenye pupa ungekanyaga mafuta na kuliharibia gari somo lake.

Mwisho anapandisha kioo cha dereva na kushikilia swichi sekunde chache baada ya kufika juu, kwa sababu nacho kwenye baadhi ya magari husahau kujipandisha chenyewe. Anamwambia dereva kwamba ulaji wa mafuta unaweza kuyumba siku mbili tatu hadi vipimo vitulie, asirudi kugomba kabla ya hapo. Abiria wa Geita wanaitwa wapande.