Wazee katika Bembea ya Maisha: Heshima Isiyo na Malazi

Kila ninaposahihisha majibu ya fasihi ya Kidato cha Nne, naona swali kuhusu wazee likijibiwa kwa namna moja. Mtahiniwa huanza kwa methali, penye wazee haliharibiki neno au jungu kuu halikosi ukoko, kisha huorodhesha wahusika na kudai kuwa wao ni washauri na wahifadhi wa utamaduni. Jibu kama hilo halimfai msomaji wa Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege. Humo wazee hawakuwekwa pembeni kutoa mawaidha. Mgogoro wenyewe unawahusu wao: ni nani atamtunza mzazi anapougua, na atamtunzia wapi?

Sara ni mgonjwa. Udhaifu wake una historia. Jamii ilimcheka alipochelewa kupata mtoto, ikaendelea kumcheka alipozaa wasichana watupu. Mumewe, Yona, akaingia katika ulevi na kumpiga. Sasa matibabu yake yanamtegemea zaidi Neema, bintiye aliye mjini. Hapa ndipo watahiniwa wengi huandika kwamba Neema ni mwajibikaji na mumewe, Bunju, ni mbinafsi. Hawajakosea, ila wameishia njiani.

Tumtazame Bunju tena. Anapokataa Sara asilale kwake, sababu anayoitoa ni heshima: mila hairuhusu mkwe kulala katika nyumba ya mume wa bintiye. Hivyo Sara anaishia kwa Asna, binti mdogo ambaye hajapata kazi ya maana, katika makazi duni. Mwenye uwezo wa kumlaza mgonjwa vizuri anajikinga kwa mila, na asiye na nafasi ndiye anayempokea mama. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito wa tamthilia hii. Mzee anaweza kuwekwa mbali kwa dharau. Anaweza pia kuwekwa mbali kwa heshima.

Linganisha jambo hilo na kinachotendeka kijijini. Mila zizo hizo zinamkataza mume kuingia jikoni, lakini Yona anaingia na kumpikia mkewe. Sara mwenyewe anaona haya, akihofia watu watasema nini. Yamkini Yona analipa deni la miaka ya ulevi, na hatupaswi kusahau vipigo kwa sababu ya chakula alichopika. Hata hivyo, mzee wa kijijini anavunja mila ili amhudumie mgonjwa, na mkazi wa mjini anaishikilia mila ili asimpokee. Basi ile kauli tuliyozoea kuwafunza wanafunzi, kwamba wazee ni wahafidhina na kizazi kipya ni cha mabadiliko, haisimami katika kitabu hiki.

Aidha, mwandishi anatofautisha pesa na matunzo. Neema anagharimia matibabu, na bila yeye hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini anayefika nyumbani kwa Sara kusaidia kazi za jikoni ni Dina, jirani. Tofauti hii tunaiona pia nje ya kitabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa hadhi na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na serikali. Kupitia mpango wa Inua Jamii, waliosajiliwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo ni za msaada, ila haziwezi kumwinua mgonjwa kitandani usiku wala kumkorogea uji. Lazima awepo mtu.

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyelelewa na nyanya yake, aliniuliza darasani: "Mwalimu, nami nikiajiriwa mjini, nyanya nitamweka wapi?" Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza. Sikuwa na jibu, na nilimwambia hivyo. Swali lake lilikuwa uhakiki bora kuliko maelezo niliyokuwa nimeyaandika ubaoni, kwa kuwa alikuwa amekisoma kitabu kama mtu ambaye siku moja atakuwa katika nafasi ya Neema, ya Asna au ya Bunju.

Kwa hivyo, mtahiniwa, usianze na methali. Anza na vitendo: nani analala wapi, nani anapika, nani analipa, nani anatoa udhuru. Kutokana na vitendo hivyo utaweza kusema kwa ushahidi jinsi jamii ya tamthilia inavyowaona wazee. Mwalimu naye amwachie mwanafunzi nafasi ya kuuliza maswali ambayo hayamo katika mwongozo.

Swali la kudurusu: "Mila huwasitiri wazee na pia huwatesa." Thibitisha kauli hii ukirejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)