Zamu na Mzunguko: Istilahi za Mapigano katika Kanuni za Dungeons & Dragons

Kanuni za mwaka 2014 za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliozaliwa Marekani mwaka 1974, humruhusu mviziaji kutumia pigo lake la kuvizia mara moja kwa kila zamu, si kwa kila mzunguko. Mzunguko, wa takribani sekunde 6, hukusanya zamu za washiriki wote. Hivyo, mviziaji aliyekwisha kupiga katika zamu yake aweza kumpiga tena adui anayemkimbia katika zamu ya adui huyo, mradi mwenzake awe ndani ya futi 5 za adui. Mfasiri wa Kiswahili atakayetumia “zamu” kwa dhana zote mbili, na kishawishi hicho ni kikubwa, atalifuta pigo la pili.