Kesi ya Nyumba Isiyo na Hakimu

Ugomvi wa nyumba kwetu una kawaida yake. Kaa barazani hapa Bububu umsikilize wa kwanza, utaapa kuwa kadhulumiwa. Akija wa pili, hujui tena umwamini nani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja (1948) na mshindi wa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, ameijenga By the Sea (2001) juu ya kawaida hiyo. Naiona ndiyo riwaya yake iliyosukwa vizuri kuliko zote, hata Paradise ya 1994.

Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anashuka Gatwick kuomba hifadhi kwa jina la Rajab Shaaban, ambalo si lake. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Anatusimulia mwenyewe, taratibu, na kijisanduku chake cha udi kinaponyakuliwa na ofisa wa uhamiaji tunaumia naye. Tumeshampenda. Hapo ndipo sehemu ya pili inapokabidhiwa Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu London, mtoto wa Rajab Shaaban wa kweli, na kwa Latif mzee huyu ndiye aliyewatoa kwenye nyumba yao. Laiti Latif angetangulia, Saleh angehukumiwa kabla hajafungua mdomo. Kwa mpangilio huu msomaji analazimika kuvunja urafiki alioujenga mwenyewe.

Chanzo ni Hussein, mfanyabiashara aliyekuja na msimu wa kaskazi. Alimkopesha Rajab kwa rehani ya nyumba, kisha akakopa kwa Saleh na kumwachia hati ile ile kuwa dhamana. Akaondoka, asirudi. Kisheria Saleh ana haki, na Gurnah haifichi haki hiyo. Lakini anaiweka kando ya meza ndogo ya mpingo, zawadi ya Hussein kwa Hassan, kaka yake Latif, iliyochukuliwa pamoja na vyombo vya nyumba. Latif, bado mtoto, anatumwa na mama yake akaiombe, anarudi mikono mitupu. Hati ni karatasi, ila meza ile haimtoki mtu akilini.

Sehemu ya tatu wanakaa wawili, mzee anasema, Latif anasikiliza na kukatiza. Wote wamemsoma Bartleby, karani wa Herman Melville wa Marekani anayekataa kila kitu kwa upole, na kupitia kitabu hicho wanapata pa kuanzia. Miaka ya jela ya Saleh na sababu ya kulichukua jina la hasimu wake vimewekwa hadi hapo, wakati ambapo Latif hawezi tena kuinuka akaondoka.

Nina lawama moja, na ni nzito. Asha, mama yake Latif, anatuhumiwa kutumia uhusiano wake na waziri ili Saleh afungwe. Wanaume wawili wanamzungumzia kurasa nyingi. Katika riwaya iliyoupa kila upande nafasi ya kujieleza, yeye hakupewa hata sura moja.