Kukatika si kukatwa: Somo la istilahi kutoka kwa modemu kuukuu

KAMPUNI ya AOL ya Marekani ilizima huduma yake ya intaneti ya kupiga simu Septemba 30, 2025. Wanafunzi wangu waliposikia habari hizo walicheka. Hawakujua kwamba zilikuwapo zama ambapo kompyuta ilibidi ipige simu ndipo iingie mtandaoni, na simu ikijibiwa, mashine mbili zikazungumza zenyewe kwa zenyewe.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kwenye kabati langu la makaratasi nikatoa ukurasa mmoja niliouhifadhi tangu mwaka wa 2001. Ni ukurasa wa maelekezo ya kuunganisha kompyuta kuukuu ya shule na intaneti kwa laini ya simu. Leo nataka kuuhakiki ukurasa huo jinsi tunavyohakiki shairi au riwaya. Mwandishi wake ni mimi, kwa hivyo hakuna nitakayekuwa nimemwonea.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili mashinani. Shule ilikuwa imepewa msaada wa kompyuta iliyotumika, yenye Windows 95, pamoja na modemu ya nje. Modemu hiyo ilikuwa kijisanduku chenye safu ya taa ndogo usoni. Kebo yake ilikuwa na pini 25 upande mmoja na matundu 9 upande wa pili, na waya mwembamba ukatoka humo kwenda kwenye tundu la simu. Kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kilobiti 33.6 kwa sekunde. Kwa hesabu ya kawaida, picha ya megabaiti moja ingechukua dakika nne hivi kufika, na hapo ni iwapo laini ni safi. Mvua ikinyesha na kebo za simu zikilowa, laini ilikoroma na kasi ikashuka. Huku hayo yakiendelea, kila dakika ya simu ilikuwa na bei yake.

Mwalimu mkuu aliniomba niandike maelekezo ili hata nisipokuwepo, wenzangu waweze kufungua barua za shule. Nilifurahi mno. Hapo ndipo nilipoona fursa ya kuonyesha kwamba Kiswahili kinajimudu katika sayansi na teknolojia. Nikakaa usiku kucha, kamusi kulia, orodha za istilahi kushoto. Asubuhi karatasi ilikuwa tayari, na sentensi yake ya kwanza ni hii:

“Uamilishaji wa mwunganiko baina ya tarakilishi na mdahalishi sharti utanguliwe na uwezeshwaji wa kigeuzi-ishara.”

Msomaji, tafadhali usinicheke. Nilijiona bingwa. Tarakilishi ilikuwa kompyuta, mdahalishi ilikuwa intaneti, na kigeuzi-ishara ni jina nililoibuni mwenyewe kwa ajili ya modemu. Nilikuwa nimesoma kwamba neno modemu limeundwa kwa vipande vya maneno mawili ya Kiingereza yanayoelezea kazi ya kifaa hicho: kugeuza ishara za kompyuta ziwe sauti zinazoweza kupita kwenye laini ya simu, kisha kuzigeuza sauti zinazorejea ziwe ishara tena. Kwa hivyo jina langu halikuwa na kosa la maana. Nililipeleka kwa karani wa ofisi, mama aliyewahi kuwa opereta wa simu kwa miaka mingi na ambaye sasa ndiye aliyekalia swichibodi ya shule. Akasoma mara mbili.

“Mwalimu,” akaniuliza, “hapa unasema niwashe nini?”

“Modemu, Mama.”

“Sasa si ungesema tu hivyo?”

Nikamweleza umuhimu wa kukuza lugha. Akanyamaza kwa adabu, akaibandika karatasi ukutani juu ya kompyuta.

Istilahi ngumu peke yake haingeleta madhara makubwa. Madhara yalikuja Novemba, nilipokwenda Nairobi kusahihisha mitihani. Kompyuta iliharibika, fundi akaja akasakinisha Windows upya, na mipangilio yote ya kupiga simu ikafutika. Mwalimu mmoja kijana wa hisabati akajitolea kuirejesha kwa kufuata karatasi yangu.

Ili kupata laini ya nje katika shule yetu, ulibonyeza 9 kwanza, ukangoja kidogo laini ishike, kisha ukapiga namba yenyewe. Binadamu hungoja kwa kusikiliza. Modemu huelekezwa ingoje kwa kuandikiwa koma baada ya ile 9. Kila koma ni mapumziko ya takriban sekunde mbili. Nilipoligundua jambo hilo nilifurahi kama mwalimu wa lugha, maana ndivyo tunavyowafundisha watoto darasani: ukifika kwenye koma, pumua kidogo, kisha endelea. Lakini katika karatasi yangu sikuandika koma. Niliona neno hilo lina harufu ya ugeni. Nikaandika: “Tarakimu 9 ifuatwe na kituo kidogo.”

Tunaofundisha uakifishaji twajua kwamba kituo kidogo ni jina mojawapo la koma. Tunajua pia kwamba kituo, bila kuongeza neno, ni nukta. Mwalimu wa hisabati akatazama, akafikiri, akaona nukta ni kituo na tena ni kidogo kuliko alama zote. Akaandika nukta. Modemu haikuijali nukta ile. Ikabonyeza 9 na kuzimwaga namba zote papo hapo kabla laini ya nje haijashika. Simu haikufika kokote. Wakajaribu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakakagua kebo. Wakabadilisha tundu. Hakuna aliyeishuku karatasi, kwa sababu iliandikwa na mwalimu wa Kiswahili.

Katika siku hizo kulikuwa na barua iliyokuwa ikingojwa. Kijana mmoja aliyemaliza masomo kwetu mwaka uliotangulia alikuwa ameomba nafasi katika chuo kimoja ng'ambo, akatumia anwani ya baruapepe ya shule kwa kuwa hakuwa na yake. Aliongea na karani kila asubuhi. “Bado, mwanangu,” karani alimwambia, “laini imekataa.” Niliporudi nilifuta nukta nikaweka koma. Modemu ikapiga, ikalia, ikashika. Barua ilikuwepo. Ilimtaka kijana athibitishe nafasi yake kufikia tarehe fulani, na tarehe hiyo ilikuwa imepita kwa siku mbili. Tulijibu, tukaomba radhi, tukaeleza. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine.

Wiki iliyofuata karani aliishusha karatasi yangu, akaigeuza, akaandika maelekezo yake nyuma kwa penseli. Ndiyo maana karatasi hii ninayoihakiki ina pande mbili. Upande wake unasema hivi:

“Washa modemu kwanza, halafu kompyuta. Bonyeza ile picha ya simu mara mbili. Andika 9, weka koma (,) halafu namba. Ngoja ipige. Italia kama simu, halafu italia vibaya kama kuku anakimbizwa. Usishtuke. Ikinyamaza, imeshika. Taa ya CD ikizima, imekatika, piga tena. Ikikataa kabisa inua mkonga usikilize. Kama hakuna mlio, imekatwa, mwambie bursar.”

Tuzilinganishe pande hizi mbili.

Upande wangu umejaa nomino. Uamilishaji, mwunganiko, uwezeshwaji, utenganishwaji. Hata vitenzi nilivigeuza vikawa nomino kwa kuvivisha kiambishi u- mbele na -aji au -waji nyuma. Hakuna anayefanya jambo katika ukurasa ule. Mambo yanatokea tu, kama hali ya hewa. Upande wa karani umejaa vitenzi: washa, bonyeza, andika, ngoja, ipige, italia, imeshika, imekatika. Msomaji wake anajua afanye nini na mashine itafanya nini baadaye.

Mtu anaweza kusema hiyo ni tofauti ya mtindo tu, kwamba mmoja aliandika kisomi na mwingine kiofisi. Naam, lakini itazame sentensi yake ya mwisho. Karani ametofautisha imekatika na imekatwa. Hiyo ni kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, mada tunayoitahini kila mwaka. Laini iliyokatika imejikatikia, hakuna mtendaji. Dawa yake ni kupiga tena. Laini iliyokatwa ina mtendaji, nayo ni kampuni ya simu, na sababu ni bili. Dawa yake ni kwenda kwa bursar. Silabi moja inakuambia tatizo liko wapi na uende kwa nani. Mimi niliyekuwa na shahada niliandika: “Endapo utenganishwaji wa mwunganiko utatokea, mtumiaji arejelee hatua ya kwanza.” Utenganishwaji na nani? Haijulikani. Nilikuwa na sarufi nzima mkononi nikaitupa, nikaiga Kiingereza ambacho kwa neno moja hufunika hali zote mbili.

Chukua pia shika. Laini hushika. Modemu mbili zinapokubaliana kasi, na hiyo ndiyo maana ya zile kelele zote, zimeshikana. Mzizi mmoja na viambishi vyake unatosha kusimulia safari nzima ya intaneti ya simu. Wala karani hakuvibuni vitenzi hivi. Alivirithi kutoka swichibodi, nayo swichibodi ilivirithi kutoka kwa waliotangulia.

Historia iko upande wake. Kebo ya telegrafu kupitia chini ya bahari ilifika Zanzibar mwaka wa 1879. Wenyeji wa pwani hawakuunda nomino ndefu ya kueleza nadharia ya umeme. Walichukua neno simu, lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya, wakalikabidhi kwa kitenzi piga, ambacho tangu hapo kimekuwa mwenyeji wa kila mgeni: piga chapa, piga pasi, piga picha. Simu ikaondoka kwenye telegrafu ikaingia kwenye mazungumzo ya mdomo, kisha ikatoka kwenye waya kabisa ikaingia mfukoni, na hatukulazimika kuunda jina jipya.

Sitaki nieleweke vibaya. Sidai kwamba kuunda istilahi ni kazi bure. Wataalamu wametupa maneno ambayo leo hatuwezi kuishi bila hayo. Lakini yachunguze yaliyokubalika. Pakua linatoka jikoni na bandarini: unapakua wali kutoka sufuriani, unapakua shehena kutoka chomboni, basi unapakua faili kutoka mtandaoni. Kivinjari kimezaliwa na kitenzi vinjari. Nenosiri linajieleza, nywila hadi leo huniomba nilifafanulie darasa. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza 2007, imeenea kwa maneno kama tuma, toa na lipa. Nani aliwahi kuhitaji kamusi ili alipe?

Kwa upande mwingine, kompyuta tumeipa majina ya kutosha kufungulia duka: kompyuta, tarakilishi, ngamizi, na ile ya kupakatwa ikaitwa kipakatalishi. Makongamano yetu yanatumia saa nyingi kubishana lipi kati ya hayo ni sanifu. Ni nadra kusikia mjadala kuhusu kitenzi: mashine ikiganda tuseme nini, ikijizima na ikizimwa tutofautishe vipi, ujumbe ukikwama njiani na ukizuiwa tuuarifu umma kwa neno gani. Raia anayeomba huduma ya serikali kwa simu yake leo yuko pale pale alipokuwa mwalimu wa hisabati mwaka wa 2001. Akiambiwa “ombi halikufaulu” hajui kama limekwama, limekataliwa au halikutumwa kabisa. Lugha yake ina maneno matatu kwa hali hizo tatu. Aliyeandika ujumbe ndiye hakuyatafuta.

Rai yangu kwa wanaounda istilahi ni hii. Kabla ya kuingiza neno kwenye kamusi, wampe mtu anayeifanya kazi yenyewe alitumie kwa wiki moja: karani, fundi wa simu, wakala wa pesa. Wamsikilize anavyolinyambua. Neno likikataa kunyambulika kinywani mwake, walirudishe mezani. Wala wasiogope koma kwa sababu ina harufu ya ugeni. Simu nayo ilikuwa ngeni.

Kijana yule alisubiri mwaka mzima, akajiunga na chuo kikuu hapa nchini, na sasa ni mtu mzima mwenye familia. Tukikutana hunisalimu kwa heshima na huniita mwalimu. Hajawahi kuniuliza kwa nini barua yake ilichelewa, maana aliambiwa laini ilikuwa mbovu. Laini ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni sentensi yangu, na nimeona heri alisome jambo hili hapa.