Vita vya Ziwani Vilivyopita Lubumbashi

Mkazi wa mtaa wa Golf hapa Lubumbashi akisikia habari za manowari hudhani ni mambo ya watu wa pwani. Lakini mwaka 1915 boti mbili za kivita za Uingereza, Mimi na Toutou, zilipita mjini kwetu, enzi za Élisabethville, zikiwa juu ya mabehewa, zikielekea Ziwa Tanganyika.

Wajerumani ndio waliotamba katika ziwa hilo. Agosti 1914 waliiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, na tangu hapo wakawa wanashusha askari popote walipotaka. Mwindaji John Lee akaishauri London: boti ziletwe kutoka kusini, kwa njia ambayo adui haitazamii.

Kila boti ilikuwa na mita 12, mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Kutoka Cape Town reli ilizifikisha Fungurume. Mbele yake palibaki zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba hadi Sankisia, na hapo ndipo vita vilipoamuliwa. Matrekta mawili ya mvuke yalitaka kuni na maji kila mara. Wanawake wa vijijini waliyabeba maji hayo kichwani. Trekta liliposhindwa na mlima, kamba ilipitishwa kwenye kapi iliyofungwa mtini, maksai wakavuta wakiteremka huku boti ikipanda. Zilipofika Bukama, mto Lualaba ulikuwa umepungua, boti zikafungiwa mapipa matupu zisikwame. Sifa zote alipewa kiongozi wa msafara, Kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Wabeba maji hata majina yao hayatajwi, nami naona ni dhuluma.

Mapigano yenyewe ziwani yalikuwa mafupi. Tarehe 26 Desemba 1915 boti ziliikuta Kingani, meli ya Wajerumani ambayo mzinga wake ulilenga mbele tu. Kwa kuwa zilikuwa na mbio zaidi, ziliishambulia kwa nyuma, ikatekwa ndani ya dakika chache. Februari 9, 1916, meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Ikabaki Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyokuwa kubwa kuliko zote, nayo ilifika Kigoma kwa reli ikiwa vipande ndani ya masanduku. Spicer-Simson hakuthubutu kuikabili. Iliyoimaliza ni nchi kavu: majeshi ya Wabelgiji yalipoukaribia mji, Wajerumani wenyewe waliipaka mitambo yake grisi na kuizamisha, Julai 26, 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaiita Liemba, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kubeba abiria.