Majina ya Miti na Historia ya Miombo ya Katanga: Tahakiki ya Baadhi ya Maandishi

1. Shabaha ya tahakiki

Maandishi ya kitaalamu juu ya Katanga yamegawanyika tangu zamani katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wanahistoria, walioandika juu ya falme, migodi, reli, kambi za wafanyakazi na maisha ya mji. La pili ni la wataalamu wa mimea na misitu, walioandika juu ya miombo, udongo, vichuguu na maua ya shaba. Mara nyingi mafungu haya hutoka katika chuo kikuu kimoja, yaani kile cha Lubumbashi, lakini hayasomani sana. Tahakiki hii inakusudia kuyasoma pamoja kwa jicho la isimu, na kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekuwa na hazina moja mikononi bila kuitumia ipasavyo. Hazina hiyo ni majina ambayo wenyeji wameyapa miti, vyakula vya porini na mahali.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Msitu unaouzunguka mji wa Lubumbashi unapungua, na wazee wanaoyajua majina yake nao wanapungua. Jina likipotea kabla ya kuandikwa vizuri, hupotea pamoja nalo ushahidi ambao hakuna picha ya angani inayoweza kuurudisha.

2. Jina la mwenyeji kama ufunguo tu

Kitabu cha François Malaisse, «Se nourrir en forêt claire africaine», kilichotolewa Gembloux mwaka 1997, ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa juu ya vyakula vya miombo. Mwandishi huyo alifundisha Lubumbashi kwa miaka mingi, na kitabu chake kinaonyesha uvumilivu wa mtu aliyetembea na wenyeji. Matunda, uyoga, viwavi, asali na mizizi vimetafutiwa majina ya Kilatini na kupimwa thamani yake kwa lishe. Msomaji wa Lubumbashi hukutana humo na vitu anavyovijua sokoni: munkoyo, kinywaji kinachotengenezwa kwa mizizi ya Rhynchosia, chikanda, chakula cha viazi vya okidi, masuku, matunda ya Uapaca. Sifa kubwa ya kitabu ni kwamba kimeivunja dhana ya kuwa miombo ni pori tupu lisilo na kitu ila kuni.

Hata hivyo, jina la mwenyeji humo ni ufunguo wa kulifikia jina la Kilatini; mlango ukishafunguka, ufunguo huwekwa kando. Jina halichambuliwi maana yake, wala historia yake haifuatwi kutoka lugha hadi lugha. Si haki kumlaumu mwanaikolojia kwa kutofanya kazi ya mwanaisimu, kwa kuwa kichwa kidogo cha kitabu kinasema wazi kwamba njia iliyofuatwa ni ya ikolojia na lishe. Lawama iwaendee wale waliopaswa kuipokea kazi pale alipoiacha.

Ubaya wa pengo hilo unaonekana katika mfano wa mukula. Katika Katanga ya Juu jina hilo hutaja Pterocarpus tinctorius, mti wenye kiini chekundu. Katika miaka ya 2010 mti huo ulikatwa kwa wingi, magogo yakapitishwa Zambia na kusafirishwa hasa kwenda China. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliuweka mti huo katika Kiambatisho cha Pili, na mwaka 2022 zikaongeza Pterocarpus zote za Afrika. Lakini kwa Wandembu wa kaskazini-magharibi ya Zambia, ambao Victor Turner aliwachunguza katika miaka ya 1950, mukula ni Pterocarpus angolensis, ambao utomvu wake mwekundu ulifananishwa na damu katika matambiko ya uwindaji na ya jando. Wabemba nao huuita mti huo huo wa pili mulombwa. Basi jina moja lina miti miwili, na mti mmoja una majina mawili.

Hali hiyo si fujo. Katika lugha kadhaa za Kibantu mzizi huu hutaja unga mwekundu wa mti unaopakwa mwilini. Jina limeshika rangi na kazi ya mti, halikushika spishi. Kwa sababu hiyo, ripoti ya misitu inayoandika «mukula» bila kutaja lugha na mahali yaweza kuhesabu miti miwili kama mmoja. Mwanahistoria naye, akilipuuza jina hilo, huipoteza njia ya kuufuata uhusiano wa kale kati ya mti, rangi na tambiko. Wote wawili hukosa kitu kile kile, kila mmoja upande wake.

3. Pale mafungu mawili yalipokutana

Wakati fulani pande hizo mbili zilikutana, na matunda yakaonekana. Mwaka 1982 G. de Plaen, F. Malaisse na R. R. Brooks walitoa makala juu ya maua ya shaba ya Afrika ya Kati na umuhimu wake kwa utafutaji wa madini na kwa akiolojia. Mmea mmoja, Haumaniastrum katangense, huota kwenye udongo wenye shaba nyingi ambao mimea mingine mingi haiuvumilii. Wataalamu hao walionyesha kwamba mmea huo huota pia mahali ambapo zamani watu waliyeyusha shaba, kwa sababu mabaki ya tanuru yaliutia udongo sumu ya madini. Kwa hiyo ua liliwaongoza wachimbuzi hadi kwenye tanuru zilizosahauliwa.

Makala hayo yanastahili kusomwa hata leo, kwani yanafundisha jambo moja kubwa: mmea waweza kuwa hati ya historia. Mfua shaba wa kale hakuandika barua, lakini kazi yake iliacha alama ardhini, na ua likaihifadhi. Inasikitisha kwamba somo hilo limeishia kwenye mmea tu, halikufika kwenye neno. Kama ua laweza kuonyesha mahali pa tanuru, jina la kijito au la kilima nalo laweza kuonyesha mahali pa shamba la zamani, pa kaburi la mkubwa wa ukoo, au pa kambi ya wavuna asali. Tofauti ni kwamba ua huota lenyewe kila mwaka, lakini jina huishi kinywani mwa mtu.

4. Nani alikata?

Mwaka 2018 Jan Bogaert, Gilles Colinet na Grégory Mahy walihariri kitabu kikubwa, «Anthropisation des paysages katangais». Mbele yake, mwaka 2014, Munyemba na Bogaert walikuwa wamechunguza jinsi matumizi ya ardhi katika eneo la Lubumbashi yalivyobadilika kati ya 1956 na 2009. Kazi hizi zina faida isiyopingika. Zinapima kwa ramani kile ambacho watu wa mjini walikuwa wakikisema kwa kukisia tu, kwamba msitu unasogea mbali.

Shaka inaanzia kwenye neno lenyewe la «anthropisation». Neno hilo linasema kwamba binadamu ameigeuza ardhi, lakini halisemi binadamu yupi. Ni nomino isiyo na mtenda. Kampuni ya madini, mkulima, mchomaji wa makala na mjenzi wa kiwanja wote humezwa ndani ya neno moja, kisha lawama humwangukia yule anayeonekana barabarani, naye ni mwenye baiskeli iliyobeba magunia. Kiswahili nacho kina njia zake za kumficha mtenda: mtu akisema «miti imeisha», hakuna anayelaumiwa. Lakini mara anapotumia kitenzi «kata» katika kauli ya kutenda, kiambishi cha nafsi na kiambishi cha wakati vinamdai jibu: ni nani alikata, na lini? Hilo ndilo swali ambalo ramani haiwezi kulijibu peke yake.

Swali la «lini» ni zito vilevile. Ulinganisho unaoanzia mwaka 1956 unaanzia katikati ya hadithi. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910. Shaba ya kwanza ya tanuru ya Lubumbashi ilimiminwa mwaka 1911. Kwa muda wa zaidi ya miaka 40 kabla ya 1956, mji ulikuwa umekwisha kujengwa, kupika na kulima. Msitu wa 1956 haukuwa msitu wa mwanzo.

Upande wa pili, miaka ya mwisho nayo haieleweki bila wanahistoria. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika «Bana Shaba abandonnés par leur père» (2001), ameeleza historia ya familia ya mfanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilitoa chini ya tani 50,000. Mshahara ulipokatika, watu walitafuta riziki nyingine, nayo ardhi na miti vilikuwa karibu. Anayesoma ramani bila kitabu cha Dibwe ataona watu wanaoharibu msitu. Anayesoma vyote viwili ataona pia mgodi uliowaacha watu hao bila baba, kama kichwa cha kitabu kinavyosema. Lakini hata Dibwe anabaki zaidi katika nyumba na kambi. Mti wenyewe, uliolisha familia hizo baada ya mshahara, hauna sura yake.

5. Funzo la André Yav, na deni la taaluma ya Kiswahili

Kielelezo cha njia nyingine kipo, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, aliandika «Vocabulaire» ya mji wa Elisabethville. Johannes Fabian aliitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo, na Walter Schicho akaongeza uchambuzi wa lugha. Andiko hilo si la misitu. Hata hivyo, namna yake ya kuandika historia inafaa kuigwa. Yav anaukumbuka mji kwa majina, pamoja na majina ya utani ambayo wafanyakazi waliwapa Wazungu. Kwake jina ni mlango wa kisa, na mtenda hafichwi.

Wanaisimu waliokuja Lubumbashi hawakulifuata funzo hilo hadi porini. Tangu Edgar Polomé, aliyeandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, hadi Vincent de Rooij, aliyechunguza mwaka 1996 mchanganyiko wa Kiswahili na Kifaransa katika mazungumzo, Kiswahili kimesikilizwa hasa kama lugha ya mji, kinavyotofautiana na Kiswahili sanifu na kinavyokaa pamoja na Kifaransa. Maswali hayo ni halali. Lakini maneno kama munkoyo na chikanda yameingia katika Kiswahili cha mji kutoka lugha jirani kwa njia ya soko, yakiletwa pamoja na bidhaa yenyewe. Kila neno la namna hiyo ni ushahidi wa safari ya mtu kutoka msituni hadi mjini, na yafaa kuulizwa limetoka lugha gani, limeletwa na nani, na tangu lini.

Kuna pia tatizo la neno kuu lenyewe. Ripoti huandika «msitu», ambapo mwenyeji husema «pori». Pori lake ni pamoja na shamba lililopumzishwa, njia ya mawindo na mahali pa kuvuna viwavi. Anayetafsiri neno la pili kwa la kwanza amekwisha kuifuta kazi ya watu juu ya ardhi hiyo, kabla hajaanza kuipima.

6. Hitimisho

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002 inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba ipewe msitu inaoumiliki kwa mila, na amri ya 2 Agosti 2014 imeweka utaratibu wake, hadi kikomo cha hekta 50,000. Jamii inayoomba hutakiwa kuonyesha mipaka yake. Ushahidi wake ni upi, kama si majina ya vijito, vilima, vichuguu na vijiji vilivyohama, pamoja na visa vinavyoyaeleza? Majina yakiwa yameandikwa ovyo, au hayakuandikwa kabisa, ardhi hiyo itaonekana kana kwamba haina mwenyewe.

Kwa hiyo kazi inayodaiwa ni ya pamoja na ni ya wazi. Kila jina liandikwe pamoja na lugha yake, mahali pake, mwaka lilipochukuliwa, kazi ya kitu chenyewe, na kisa kinacholiambatana. Mwanamimea alete kielelezo cha mti, mwanahistoria alete tarehe, mwanaisimu alete uchambuzi wa neno. Kisha matokeo yarudishwe kwa Kiswahili kwa wale waliotoa majina hayo. Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno «makala» ni mkaa. Katika Kiswahili cha vyuo ni maandishi ya wataalamu. Makala ya aina zote mbili yametoka porini kwenda mjini kwa miaka mingi. Yale ya aina ya kwanza hayawezi kurudishwa, lakini yale ya aina ya pili yanaweza.