Istilahi za Kompyuta Inayozorota: Uhakiki

Istilahi hupimwa kwa vipimo vingi: ufupi wake, ulinganifu wake na sarufi ya Kiswahili, na uwezo wake wa kuzaa maneno mengine. Katika makala haya tunapenda kuongeza kipimo kimoja ambacho aghalabu husahauliwa, nacho ni kipimo cha matendo. Je, msomaji aliyepewa istilahi hiyo atatenda jambo linalotakiwa? Tumechagua uwanja mmoja mdogo wa kufanyia upimaji huo, yaani maelekezo ya kutengeneza kompyuta iliyopungua kasi kwa sababu ya programu zinazofanya kazi bila mtumiaji kuziona. Maelekezo ya namna hii husomwa na makarani, walimu na maofisa ambao hawakusomea uhandisi, na neno moja lisilofaa laweza kumfanya mtu afute asichopaswa kufuta.

Tuanze na jina la kazi zenyewe. Wakati mtu anaandika barua, kompyuta yake hufanya mengine pia: hukagua virusi, hupokea masahihisho ya programu, hutengeneza faharasa ya majalada ili yapatikane upesi. Wapo wafasiri walioziita kazi hizo michakato ya usuli, na wengine michakato ya mandharinyuma. Hatuoni sababu ya kulitetea lolote kati ya majina hayo. Usuli ni chimbuko la jambo. Mandharinyuma ni yale yaonekanayo nyuma ya picha, ilhali tunachotaka kukitaja hapa hakionekani kabisa. Mtu aliyeambiwa apunguze michakato ya mandharinyuma ana haki ya kwenda kubadilisha picha iliyo kwenye skrini yake. Kiswahili kina neno lililokomaa, nalo ni chinichini. Watasema baadhi ya wasomaji kwamba neno hili lina harufu ya hila. Ni kweli, lakini si daima: husemwa muziki wa chinichini, na hakuna anayedhani kwamba muziki huo una fitina. Kazi za chinichini, basi, ni jina linalotosha.

Neno la pili ni kumbukumbu. Karani wa masijala ajua vema maana yake: barua huandikwa namba ya kumbukumbu, na kikao huwa na kumbukumbu zake. Wahandisi nao wamelitumia neno hilohilo kwa sehemu ya kompyuta inayoshika kazi kwa muda tu, na ambayo hupoteza yote umeme ukatikapo. Maandishi ya kudumu hayamo humo. Yamo katika diski. Sasa maelekezo yasemapo, “Kumbukumbu imejaa, punguza mzigo,” karani mwaminifu ataelekea kufuta barua za mwaka uliopita. Atakuwa amelitii neno, na kompyuta itabaki na uzito uleule, kwani lililotakiwa ni kufunga programu zisizohitajika. Yafaa kusema kumbukumbu ya muda kwa sehemu ya kwanza, na hifadhi kwa ile ya pili.

Hata hivyo, haifai kuwalaumu wafasiri peke yao, maana mara nyingine jina la asili ndilo lenye kasoro. Katika Windows, mtu akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hupata orodha ya kazi zinazoendelea, na katika ukurasa wake wa maelezo kuna mstari uitwao System Idle Process. Mashine ikiwa imetulia, mstari huo huweza kuonyesha asilimia 95 au zaidi. Hata wasemaji wa Kiingereza wamewahi kudhani kwamba huyo ndiye mla kasi. Kumbe asilimia hiyo si mzigo, bali ni kipimo cha muda ambao prosesa haina la kufanya. Mfasiri akiandika “mchakato mvivu wa mfumo” atakuwa ameuhamisha upotofu pamoja na neno, na msomaji ataanza kumwinda mvivu. Aandike “muda wa prosesa bila kazi”, na msomaji ataelewa mara moja kwamba prosesa haikuelemewa, na kwamba chanzo cha uzito hakina budi kutafutwa kwingine, mathalani katika diski au kumbukumbu ya muda.

Mfano mwingine ni wa mifumo ya jamii ya Unix, ambako programu za chinichini huitwa daemon, neno linalokaribiana na pepo. Wataalamu wa Project MAC katika chuo cha MIT, Marekani, walilichukua mwaka 1963 kutokana na mfano wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyewaza kiumbe kinachochambua molekuli moja moja bila kuchoka. Mfasiri akiandika pepo, msomaji wetu atamtafuta mganga badala ya fundi. Kinachopasa kufasiriwa ni kazi ya kitu, wala si utani wa waliokipa jina.

Mwisho ni vitenzi, na hapa ndipo hasara ilipo kubwa. Tumezoea kusoma “ua mchakato” kwa kila aina ya kukatiza kazi. Ukali wa neno si hoja yetu. Hoja ni kwamba linafunika matendo matatu yaliyo mbalimbali, ambayo mtumishi wa serikali huyatofautisha kila siku katika mambo ya ajira. Aliyesimamishwa kazi anaweza kurudi, aliyeachishwa harudi. Vivyo hivyo, huduma ya Windows iliyopangiwa kuanza yenyewe, ikisimamishwa, hurudi kompyuta iwashwapo tena. Kuizuia isianze ni tendo jingine. Na kukomesha programu papo hapo ni tendo la tatu, ambalo hupoteza maandishi yasiyohifadhiwa. Ziko pia kazi zisizoguswa kamwe: kukomesha csrss.exe huangusha mfumo mzima wa Windows. Maelekezo yanayosema “ua” tu hayamwonyi mtu juu ya lolote kati ya haya.

Kwa hiyo tunapendekeza kusimamisha, kuzuia na kukomesha yatumike kwa maana hizo tatu bila kuchanganywa, pamoja na kazi za chinichini, kumbukumbu ya muda na hifadhi. Tunapendekeza pia kwamba kabla ya istilahi za fani hii kusanifishwa, maelekezo yanayozitumia yapewe kwanza karani mmoja asiye fundi, akae mbele ya mashine ayafuate. Akikosea njia, kirekebishwe kilichoandikwa. Walimu na wafasiri wenye maneno bora kuliko haya wanaombwa wayalete yajadiliwe.